Peter Medawar na ngozi ya ndugu



Kwenye ukurasa huu wa maisha ya watu wakubwa tumezoea kusoma habari za wafalme, za wasafiri na za wavumbuzi wa mashini. Mara hii naomba ruhusa nilete mtu wa sungura, ngombe na panya. Sababu yake ni hii. Wakati wa likizo kubwa, mtoto wa jirani yetu alijikwaa kwenye mbabula, sufuria ya maji ya moto ikamwangukia, akaungua tumbo na mguu mmoja. Hospitalini waganga walikata vipande vyembamba vya ngozi kwenye paja lake lililo zima, wakavibandika pale palipoungua. Lakini paja la mtoto ni dogo na kidonda kilikuwa kikubwa. Mama yake akawaomba wakate ngozi yake yeye; alifunua mkono mbele yao. Waganga wakamwambia haitasaidia. Yule mama alirudi nyumbani akilia njia nzima, akidhani wamemdharau juu ya umaskini. Akatuuliza sisi wenye kusoma: siku ile alipotoa damu, mtoto alipopungukiwa damu kwa malaria, damu ilipokelewa vizuri, sasa namna gani ngozi yake isipokelewe, na mtoto ni wa tumbo lake? Mimi niko mwaka wa sita biokimia, tena munaniita kiongozi wa wanafunzi. Nilinyamaza. Sikuwa na jibu.

Tuliporudi masomoni nikapeleka ulizo lile kwa prof wetu wa biolojia. Hakunijibu kwa neno moja. Alinitajia jina la mtu, akaniambia nikatafute maisha yake. Haya ninayowaandikia njo yale niliyoyapata.

Peter Brian Medawar alizaliwa tarehe 28 Februari 1915 kule Brazil, katika mji wa Petrópolis, karibu na Rio de Janeiro. Baba yake alikuwa mtu wa Lebanon aliyepata uraia wa Uingereza, mfanya biashara wa vyombo vya waganga wa meno. Mama yake alikuwa Mwingereza. Nyuma ya vita vya kwanza vya dunia mtoto akaletwa Uingereza kwa masomo. Brazil, nchi aliyozaliwa, baadaye ilimfutia uraia kwa kuwa hakwenda kufanya kazi ya uaskari kule. Mwaka 1928 akaingizwa katika koleji ya Marlborough, shule ya enterna. Ninyi wa enterna musikie vizuri: hakuipenda. Wenzake walimcheka kwa jina lake la kigeni na kwa sura yake. Aliyemwokoa pale ni mwalimu mmoja wa biolojia aliyeitwa Lowndes, maana ndiye aliyemfanya apende elimu ya viumbe.

Mwaka 1932 akaingia Oxford, koleji ya Magdalen, kusoma elimu ya wanyama, na mwaka 1935 akamaliza katika daraja la kwanza. Alikuwa kijana mrefu sana, karibu metre mbili, mwenye kupenda nyimbo za opera na mchezo wa kriketi. Alianza utafiti katika nyumba ya profesa Howard Florey, yule tunayemsoma katika habari za penisilini. Mwaka 1937 akaoa Jean Taylor, naye msomi wa Oxford, wakazaa watoto 4. Jambo moja lilinichekesha: alipotayarisha kitabu chake cha udokta, kikakubaliwa, lakini diplome yenyewe hakuichukua, kwa sababu ilidai pesa, na pesa zake alikuwa amezitumia kwa kupasuliwa tumbo. Wale wanaolia juu ya minervali wamepata mwenzao.

Sasa tufike kwenye ngozi. Mwaka 1940, wakati wa vita vya pili vya dunia, Medawar alikuwa nyumbani Oxford pamoja na mke wake na binti yao wa kwanza, ndege ya vita ikaanguka na kulipuka karibu kabisa na nyumba yao. Mmoja wa askari waliokuwa ndani alitolewa akiwa hai, lakini ameungua vibaya. Muganga mmoja akamwita Medawar aje kumtazama, labda elimu yake ya viumbe itasaidia. Fikirini: mtafiti wa miaka 25, aliyezoea kutazama vitu vidogo ndani ya chupa, anasimamishwa mbele ya kitanda cha mtu asiye na ngozi. Akajaribu njia mbalimbali za kuongeza ile ngozi kidogo iliyobaki kwa wagonjwa wa namna ile. Hazikufaulu sana. Ulizo likabaki palepale, sawa na lile la mama wa kwetu: ngozi ya watu wengine iko tele, kwa nini isitumike?

Waganga wa wakati ule walijua kwamba ngozi ya mtu mwingine inashika siku chache kisha inaanguka. Lakini sababu hawakuijua vizuri. Wengine walidhani ni ufundi wa kupasua ambao bado haujakamilika, kwamba siku moja atatokea muganga mwenye mikono myepesi kuliko wote, naye ataweza.

Wakubwa wa utafiti wa uganga wakamtuma Medawar katika hospitali moja ya Glasgow, kule Scotland, penye wagonjwa wa moto. Alifanya kazi pamoja na muganga Thomas Gibson. Kulikuwa na mwanamke kijana aliyeungua vibaya. Wakambandika viraka vidogo vya namna mbili: vingine vya ngozi yake mwenyewe, vingine vya ngozi ya ndugu yake wa kiume, mtoto wa baba na mama mmoja. Kila siku chache wakavitazama na kukata kidogo kwa kupima chini ya mikroskopi. Mwanzo vyote vilishika sawasawa, hata usingeweza kusema hiki ni cha nani. Kisha vile vya ndugu vikaanza kuvimba, kubadilika, na kuharibika. Vya kwake vikaendelea. Basi wakabandika mara ya pili viraka vingine vya ndugu yule yule. Hapa njo penye ufunguo: vile vya mara ya pili viliharibika upesi zaidi kuliko vya kwanza.

Kama ingekuwa ni ufundi mbaya wa waganga, mara ya pili ingekuwa sawa na ya kwanza, au ingekuwa bora. Kufanya haraka namna ile maana yake mwili ulikumbuka. Ni sawasawa na mtoto aliyekwisha kuugua surua: ugonjwa ukirudi, mwili unautambua mlangoni na kuufukuza mbele haujaingia. Kumbe ngozi ya ndugu ilikuwa inafukuzwa na askari wale wale wa mwili wanaofukuza magonjwa. Gibson na Medawar wakatangaza habari hiyo mwaka 1943. Medawar akarudi Oxford, akarudia kazi hiyo kwa sungura wengi sana, akabandika, akahesabu siku, mpaka hakuna aliyeweza kubisha.

Mutaniuliza habari ya damu ya yule mama, nisije nikaisahau. Chembe nyekundu za damu zina alama chache tu za kuangalia, zile za makundi A, B na O na nyingine kidogo. Waganga wakilinganisha vizuri, mwili hausumbuki. Tena chembe hizo ni wageni wa muda, zinakufa zote kwa miezi kama 4. Ngozi iko namna nyingine. Chembe zake zimejaa alama ambazo karibu kila mtu anazo tofauti na mwenzake. Mtoto anapokea nusu ya alama hizo kwa mama na nusu kwa baba. Basi mama naye ana nusu nyingine ambayo hakumpa mtoto huyu. Ngozi ya mama ikiletwa, mwili wa mtoto unazitambua zile alama za kwake na kunyamaza, kisha unaziona zile nyingine, unapiga kengele ya vita. Kuzaa hakuondoi jambo hilo.

Mwaka 1947 Medawar akawa profesa Birmingham. Alikuwa na miaka 32 tu. Mwaka uliofuata, 1948, alikwenda Stockholm, Sweden, kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu wa urithi wa viumbe. Pale akakutana na bwana Donald, mtaalamu wa ngombe, aliyekuwa na shida ya kutambua ndama mapacha: wapi ni mapacha kabisa waliotoka katika yai moja, na wapi ni mapacha wa mayai mawili? Medawar, akiwa na gilasi mkononi, akamjibu kwamba ni kazi rahisi sana: ubandike ngozi ya mmoja kwa mwenzake. Ikishika, ni wa yai moja. Ikianguka, ni wa mayai mawili. Akaahidi pia kuja kumsaidia. Kisha yule bwana akamkumbusha ahadi, na ngombe walikuwa kwenye shamba si mbali na Birmingham, Medawar akaona haya kukataa. Akaenda pamoja na mwanafunzi wake Rupert Billingham. Munaona namna elimu inavyotembea: kwa kujisifu kidogo, kisha kwa kuona haya.

Matokeo yakawapindua vichwa. Karibu ndama wote mapacha walipokea ngozi ya wenzao. Hata dume na jike, ambao mtu yeyote mwenye macho anajua kwamba hawakutoka katika yai moja! Lakini ngozi ya ndugu wa kawaida, aliyezaliwa kwa mimba nyingine, waliikataa kama wanyama wote. Basi si suala la undugu. Kulikuwa na kitu kilichotokea ndani ya tumbo la mama.

Kitu hicho mtu mmoja alikuwa amekwisha kukiona. Ray Owen, wa Wisconsin kule Marekani, aliandika mwaka 1945 juu ya damu ya ngombe mapacha. Alianza na mapacha wa ajabu: ngombe mmoja alipandwa na madume mawili ya aina mbalimbali, akazaa ndama wawili, kila mmoja na baba yake. Owen alipopima damu yao akakuta kila ndama ana damu ya namna mbili, yake na ya mwenzake. Ngombe mapacha ndani ya tumbo wanaunganishwa mishipa ya damu, damu ya huyu inapita kwa yule. Hilo lilijulikana tangu zamani. Lakini Owen aliendelea kufikiri. Chembe nyekundu zinakufa kwa miezi michache. Ndama hawa walikua, wakawa ngombe wakubwa, na bado damu ya mwenzao ilikuwa ndani yao. Basi hazikupita chembe nyekundu peke yake, hapana. Zilipita zile chembe mama, zenye kuzaa damu, zikakaa na kujenga makao yao ndani ya uboho.

Uboho njo yale mafuta laini yaliyo ndani ya mfupa, yale tunayogonga mfupa kwenye sahani ili yatoke. Ndani ya mifupa mingine, kama ile ya nyonga, kifua na uti wa mgongo, uboho ni mwekundu, na pale njo kiwanda cha damu yote. Si chembe nyekundu tu: askari wa mwili nao wanazaliwa pale. Kwa hiyo ngombe pacha alikuwa na viwanda viwili ndani ya mfupa mmoja, na hakuna aliyempiga mwenzake.

Kule Australia, Frank Macfarlane Burnet alisoma habari za Owen, na katika kitabu alichoandika na Frank Fenner mwaka 1949 akatoa wazo gumu: mwili hauzaliwi ukijua nini ni chake na nini ni cha mgeni. Unajifunza, na masomo hayo yanafanyika mapema, mbele ya kuzaliwa. Kile kinachokuwa ndani wakati wa masomo, mwili utakihesabu kuwa chake. Burnet alijaribu kuhakikisha kwa mayai ya kuku, hakufaulu. Medawar na Billingham waliposoma kitabu hicho wakaelewa ngombe wao.

Mwaka 1951 Medawar alihamia University College, London, pamoja na Billingham na kijana mwingine, Leslie Brent, mkimbizi Myahudi aliyeletwa Uingereza akiwa mtoto kutoka Ujerumani. Hawa watatu wakaamua kufanya kwa mikono yao kile ambacho ngombe walikifanya wenyewe. Walikuwa na panya wa aina mbili, wa kijivujivu na weupe. Wakampasua panya wa kijivu mwenye mimba, wakachukua sindano nyembamba sana, wakawachoma wale watoto walio bado ndani na chembe hai za panya mweupe, kisha wakamfunga tena mama. Katika mimba waliyoitangaza kwanza, walizaliwa watoto 5 wazima. Walipofika majuma 8, kila mmoja akabandikwa ngozi ya panya mweupe. Kwa 2 ngozi ikaharibika kama kawaida. Kwa 3 ikashika, ikaota manyoya, panya wa kijivu akitembea na kiraka cheupe kifuani kama mtu aliyeshonewa kaptula kwa kitambaa cha rangi nyingine.

Wakafanya kitu kimoja zaidi, na mimi nakiona kuwa bora kupita vyote. Walichukua askari wa mwili kutoka panya wa kijivu ambaye hakufundishwa kuvumilia, wakawatia ndani ya mmoja wa wale wenye kiraka. Kiraka kikaharibika. Basi ngozi nyeupe haikuwa imebadilika hata kidogo. Ilibaki ngeni, na askari wageni waliitambua mara moja. Kilichobadilika ni askari wa panya yule: walikuwa wamejifunza kuivumilia. Habari hiyo ilitoka katika gazeti Nature mwezi wa Oktoba 1953. Wakati ule ule Milan Hašek, kule Prague, aliona jambo kama hilo kwa kuunganisha mishipa ya vifaranga ndani ya mayai.

Mwaka 1960 Medawar na Burnet wakapewa zawadi ya Nobel ya uganga. Medawar aliwaandikia Billingham na Brent na kuwagawia sehemu ya pesa zake. Alimwandikia hata Owen, kwa kuwa aliona kwamba Owen alistahili zawadi ile. Tabia hiyo si ya wote.

Lakini panya aliye tumboni si mgonjwa wa hospitali. Mgonjwa ni mtu mzima ambaye masomo ya mwili wake yalimalizika zamani. Je, yanaweza kuanzishwa upya? Mwaka 1955, Marekani, Main na Prehn walichukua panya wakubwa, wakawapiga mionzi hata uboho wao ukaharibika, wakawatia uboho wa panya wengine. Panya wale wakapokea ngozi ya aina ile iliyowapa uboho. Baadaye, kwa kazi ya wengi, sababu yake ilionekana. Chembe changa kutoka uboho zinapanda mpaka tezi ya timusi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na pale zinapewa mtihani: ile inayotaka kupiga mwili wake mwenyewe inauawa. Uboho wa mgeni ukiwa umekaa ndani ya mwili, chembe zake nazo zinafika timusini, zinahesabiwa kati ya wenyeji, na askari anayetaka kuzipiga anaanguka mtihani. Hapa niseme ukweli: Medawar mwenyewe aliona kwamba timusi haina maana kubwa. Jacques Miller, aliyeonyesha kazi ya tezi hiyo mwaka 1961, hakusahau. Hata watu wa Nobel wanapata sifuri mara moja moja.

Na uboho una hatari. Mwaka 1957 Billingham na Brent waliona panya wachanga waliotiwa chembe za panya mkubwa wa aina nyingine wakikonda, wakidumaa na kufa. Askari waliokuja pamoja na zawadi walikuwa wanampiga mwenye nyumba. Tangu siku ile waganga walijua kwamba vita inaweza kutoka pande mbili.

Kuanzia 1962 Medawar aliongoza nyumba kubwa ya utafiti wa uganga pale Mill Hill, London. Mwaka 1965 malkia akampa cheo cha Sir. Hata akiwa direktere hakuacha kufanya kazi kwa mikono yake kwenye labo, na aliandika vitabu ambavyo watu wasio wataalamu walivisoma kwa furaha. Mwezi wa Septemba 1969, katika kanisa kubwa la Exeter, alisimama kusoma somo mbele ya mkutano wa wanasayansi ambao yeye alikuwa rais wao. Hakuwa mtu wa imani, lakini ilikuwa desturi rais asome. Katikati ya ibada mshipa wa kichwa ukapasuka. Alikuwa na miaka 54. Upande wa kushoto ukapooza, macho yakapungua. Mtu aliyekuwa anabandika ngozi ya panya kwa vidole vyake akabaki na mkono mmoja.

Aliacha udirektere mwaka 1971 lakini hakuacha kazi. Miaka 18 iliyobaki aliipita akiwa na fimbo na mke wake Jean, aliyemsaidia kutembea, kusoma na kuandika. Vitabu vingine waliviandika pamoja. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha kuwashauri vijana wanaotaka kuwa wanasayansi, na mwaka 1986 maisha yake mwenyewe. Mishipa ya kichwa ilimpiga tena mara nyingine. Alikufa London tarehe 2 Oktoba 1987, akiwa na miaka 72.

Wakati wa kifo chake, mafigo yalikuwa yanapandikizwa katika nchi nyingi. Joseph Murray alifaulu kwa mapacha wa yai moja kule Boston mwaka 1954, kisha zikaja dawa za kuwalaza askari wa mwili. Lakini dawa hizo zinamezwa maisha yote, na askari wakilala, magonjwa yanaingia. Na ngozi ilibaki ngumu kuliko figo. Kwa hiyo mkono mzima, wenye ngozi, misuli, mishipa na mifupa pamoja, ulingoja mpaka tarehe 23 Septemba 1998, kule Lyon, Ufaransa, katika kundi la muganga Dubernard. Mtu yule alichoka na dawa, akaziacha. Mwaka 2001 mkono ukakatwa kwa ombi lake mwenyewe. Mwaka 2005, Amiens, mwanamke aliyeumwa na mbwa alipewa pua, midomo na kidevu vya mtu aliyekufa, na katika majuma ya kwanza waganga wakamtia pia uboho wa mtu yule yule. Hapo munaona ngombe wa Owen wamefika hospitalini. Uboho ule haukutosha kumwachisha dawa. Pittsburgh, Marekani, kuanzia 2009, waliopewa mikono walitiwa uboho uliotolewa kwenye uti wa mgongo wa mtoaji, wakaweza kuishi na dawa ya namna moja mahali pa tatu.

Waliofika mbele zaidi ni wa figo. Mwaka 2008, Boston, waganga walieleza habari za wagonjwa 5 waliopokea figo pamoja na uboho wa mtu wa jamaa yao, mwenye kulingana nao nusu tu, kama mama na mtoto. Wanne waliacha dawa zote. Lakini ili uboho ule ukae, hata kwa majuma machache tu, ilibidi kwanza wapewe dawa kali na mionzi kwenye timusi. Mtoto mwenye kidonda cha moto hawezi kustahimili mambo hayo. Askari wake wa mwili wakilazwa, kidonda kitaoza. Njo maana waganga walikwenda kwenye paja lake, na siyo kwa sababu mama alikuwa maskini.

Nimemwandikia yule mama barua, kwa Kiswahili cha nyumbani, bila majina ya wazungu, ila nimemwekea habari ya ngombe na habari ya ile nusu. Ndugu yangu mdogo atamsomea Jumapili. Wananiambia mtoto anatembea, na paja lake limebaki na alama za miraba pale waganga walipokata.